Pampu ya Mkono Mtwara: Nani Ameshika Spana?

Kitu kidogo kuliko vyote ndani ya pampu ya mkono ya kijijini ni washa: kipande cha mpira au ngozi, cha duara, kinachoenea kiganjani. Kazi yake ni kuziba nafasi kati ya pistoni na silinda ili maji yanayopandishwa yasirudi chini. Washa ikianza kuchakaa, maji yanatoka kwa kusuasua. Ikichakaa zaidi, unapampu mpaka jasho linakutoka na ndoo haijai. Mwisho maji hayaji kabisa, na watu wanarudi kwenye dimbwi au mtoni. Kisima kizima, pamoja na zege lake, mabomba yake na gharama za wataalamu waliokuja kukipima, kimelala kwa sababu ya kipande hicho tu.

Tukizungumzia uvumbuzi rahisi unaosaidia watu wenye kipato kidogo, swali la kwanza huwa ni bei: kifaa hiki ni shilingi ngapi? Ni swali zuri. Lakini historia ya pampu ya mkono mkoani Mtwara inatufundisha swali la pili, ambalo kwa kweli ni zito zaidi: kikiharibika, nani anakitengeneza, na spea anaipata wapi? Leo tunaipitia historia hiyo, kuanzia uwanda wa Makonde hadi mdomo wa mto Ruvuma. Tutapiga hesabu kidogo njiani, lakini usiogope, ni hesabu za sekondari.

Watu juu, maji chini

Ramani ya Mtwara ina jambo la ajabu. Kusini unapita Ruvuma, mto mkubwa unaotenganisha Tanzania na Msumbiji. Mashariki kuna Bahari ya Hindi. Katikati umeinuka uwanda wa Makonde, ambao upande wa Newala unafika zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari. Juu ya uwanda huo mvua inanyesha, mihogo na mikorosho inastawi, na watu ni wengi. Mito ya kudumu, hakuna. Udongo wa huko una mchanga mwingi, hivyo mvua ikinyesha maji yanazama moja kwa moja, yanashuka mbali chini ya ardhi, kisha yanatokeza kama chemchemi kwenye miteremko na mabonde.

Sasa kwa nini watu wakae juu na maji yako chini? Simulizi la Wamakonde kuhusu asili yao lina jibu. Linasema mtu wa kwanza alichonga kinyago cha mti, akakisimamisha, nacho kikageuka mwanamke. Walipokaa bondeni karibu na mto, mtoto wao hakuishi. Walipohama wakapanda juu zaidi, hatimaye mtoto akaishi. Ndiyo maana uzao wao ukaambiwa ukae juu, mbali na mabonde. Ukilisoma simulizi hilo kwa jicho la afya ya jamii, unaona ndani yake kumbukumbu ya magonjwa ya bondeni, malaria ikiwemo. Halafu karne ya 19 ilileta sababu nyingine: uvamizi na biashara ya watumwa. Vichaka vizito vya uwanda vilikuwa ngome.

Gharama ya usalama huo ililipwa kwa miguu, na waliolipa zaidi ni wanawake. Mwaka 1906 mtafiti Mjerumani Karl Weule alikaa Newala, na katika maandishi yake alieleza jinsi vijiji vya Wamakonde vilivyokuwa mbali na maji. Kuteka maji kulikuwa ni kushuka genge, kujaza mtungi, kisha kulipanda genge lilelile na mzigo kichwani. Lita 20 za maji ni kilo 20. Kina mama hawakuhitaji Mjerumani awaambie hivyo.

Mrija wa soda na kilo mbili kwa kila mita

Hapa ndipo mtu anauliza: si wangefunga tu pampu za mkono juu huko? Jibu limo kwenye fizikia.

Chukua mrija wa soda. Ukinyonya, unadhani wewe ndiye unayevuta kinywaji. Ukweli ni kwamba unapunguza hewa ndani ya mrija, na hewa iliyo nje ndiyo inayokisukuma kinywaji kipande. Lakini nguvu ya hewa ya nje ina kikomo. Mafundi wa Italia wa karne ya 17 waligundua kwamba pampu zao za kunyonya haziwezi kupandisha maji zaidi ya mita 10 hivi, na mwaka 1643 Evangelista Torricelli akaonyesha sababu: uzito wa hewa yote iliyo juu yetu unalingana na uzito wa nguzo ya maji ya takriban mita 10. Kwa hiyo pampu inayonyonya ikiwa juu ya kisima, kwa matumizi ya kawaida, inaishia kwenye mita 7 hivi.

Kisima kikiwa kirefu kuliko hapo, pistoni lazima ishuke chini kwenye maji yenyewe, na badala ya kunyonya tunayabeba maji kwenda juu. Hapo tunakutana na uzito. Tuchukue pistoni yenye kipenyo cha sentimita 5. Eneo lake ni karibu sentimita za mraba 20. Nguzo ya maji juu yake ina kilo 2 kwa kila mita ya kina. Kisima cha mita 10: kilo 20. Hiyo mtu anaivuta kwa mikono bila shida. Cha mita 45: kilo 90. Hapo unahitaji mkono mrefu wa chuma, yaani wenzo, ili uzito wa kilo 90 uhisi kama kilo 11 au 12. Kikiwa cha mita 200: kilo 400. Hapo hata wenzo haukusaidii.

Basi umeshaelewa kwa nini Mtwara ina historia mbili za maji. Kwenye mabonde, kando ya Ruvuma na kwenye ukanda wa pwani, ambako maji yako karibu, pampu ya mkono inafaa. Juu ya uwanda, maji lazima yasukumwe kwa mashine kutoka mabondeni. Serikali ya kikoloni ilijaribu njia hiyo miaka ya 1950 kupitia shirika la maji la Makonde, lililopandisha maji kwa mashine na kuyauza kwa wananchi. Mpaka leo uwanda huo unategemea visima vya bondeni kama vile vya Mitema, na mashine za kusukuma maji kupanda mlima.

Mdomoni mwa Ruvuma, udogo ni faida

Kabla hatujaendelea, tushuke pwani kidogo: Msimbati, Ghuba ya Mnazi, hadi pale Ruvuma inapoingia baharini. Huku maji ya kisima yako karibu sana. Tatizo ni chumvi.

Chini ya mchanga wa pwani, maji matamu ya mvua yanaelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi kidogo. Tofauti ya uzito ni ndogo, kama sehemu 1 kwa 40. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, watafiti wawili, Badon Ghijben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, walifika kwenye kanuni ileile kila mmoja kivyake: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Sasa geuza hesabu hiyo. Ukivuta maji kwa pupa ukashusha kimo chake kwa nusu mita tu, maji ya chumvi chini yako yana nafasi ya kupanda mita 20.

Ndiyo maana mashine kubwa inaweza kuua kisima cha pwani ambacho ndoo na kamba zilikitunza miaka mingi. Pampu ya mkono inatoa maji polepole, na polepole hiyo inakilinda kisima. Kuna faida nyingine: pampu yenye mabomba ya plastiki haili kutu, wakati bomba la chuma kwenye maji yenye chumvi linaliwa haraka. Kifaa duni kwa hali ya sehemu moja kinaweza kuwa bora kabisa kwa sehemu nyingine.

Mita 400 kabla ya 1991

Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wenye lengo linaloeleweka na kila mtu: ifikapo 1991, kila mwananchi wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Na maji hayo yangekuwa bure, kwa sababu yalihesabiwa kama haki ya mwananchi huru.

Fedha zilikuwa chache, basi nchi wahisani zikagawana mikoa. Sweden ilishika mikoa ya Ziwa Victoria. Denmark ikachukua Iringa, Mbeya na Ruvuma. Uholanzi ikafanya kazi Shinyanga na Morogoro. Norway ikaenda Kigoma na Rukwa. Mtwara na Lindi zikaangukia Finland. Kampuni ya Finnwater iliandaa mpango mkuu wa maji wa mikoa hiyo miwili katikati ya miaka ya 1970, na utekelezaji ukaanza 1978. Visima vifupi vyenye pampu za mkono vilikuwa sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Ukitazama mgawanyo huo kwa makini utaona tatizo lililojificha. Kila mhisani alikuja na pampu yake. Shinyanga ikawa na pampu ya Kiholanzi, Mtwara ikawa na Nira ya Kifini kutoka kiwanda cha Vammala. Fundi wa mkoa mmoja akihamia mkoa mwingine anakutana na pampu asiyoijua, na duka la spea la mkoa mmoja halina maana kwa mkoa wa jirani. Soko la spea linahitaji wateja wengi wa kitu kimoja. Sisi tulikuwa na wateja wachache wa vitu vingi.

Halafu nyakati zikabadilika. Bei ya mafuta ilipanda 1973 na tena 1979. Vita ya Kagera ya 1978 hadi 1979 ilimeza fedha za kigeni. Mikoani, magari ya idara ya maji yalikaa bila dizeli na bila matairi. Sasa fikiria mfumo ambao pampu ikiharibika kijijini, taarifa lazima ifike wilayani, gari lipatikane, fundi atumwe na spea iagizwe ng'ambo. Kiungo kimoja kikikatika, washa ya kiganjani inageuka msiba wa mwaka mzima.

Pampu zinapewa mtihani

Tanzania haikuwa peke yake. India ilikuwa na pampu nyingi za chuma cha kumwaga zilizokufa ndani ya muda mfupi. Miaka ya 1970, kwa ushirikiano na UNICEF, mafundi wa huko waliunda India Mark II, pampu imara ya kisima kirefu iliyosambaa dunia nzima. Ilikaa muda mrefu bila kuharibika. Ila ikiharibika chini, ilibidi kung'oa bomba zote za chuma pamoja na silinda, kazi ya kikosi chenye vifaa maalumu na gari. Kijiji peke yake hakiwezi.

Umoja wa Mataifa ulitangaza miaka ya 1981 hadi 1990 kuwa Muongo wa Maji. Mwaka 1981, shirika la UNDP na Benki ya Dunia walianza mradi wa kuzipima pampu: maabara Uingereza, na vijijini katika nchi nyingi. Aina 70 hivi zilichunguzwa. Ripoti ya 1987 ilikuja na hitimisho lililogeuza fikra za wahandisi. Pampu bora haipimwi tu kwa kukaa muda mrefu bila kuharibika. Inapimwa pia kwa muda unaotumika kuirudisha kazini. Pampu inayoharibika kila baada ya miezi 8 na kutengenezwa siku ileile inawapa watu maji mengi kuliko inayodumu mwaka mmoja na nusu kisha ikalala miezi 6 ikisubiri gari. Hebu piga hesabu: ya kwanza inafanya kazi karibu asilimia 100 ya muda, ya pili inafanya kazi miezi 18 kati ya 24, yaani asilimia 75.

Kutokana na fikra hiyo zikaja pampu za kizazi kipya, zilizobuniwa ili zitengenezwe kijijini. Mbili zinatuhusu sana.

Ya kwanza ni Nira AF-85 ya Kifini, ambayo toleo lake la Tanzania liliitwa Tanira. Wabunifu waliondoa karibu kila kitu. Hakuna wenzo, hakuna bawaba, hakuna mnyororo. Kuna mpini wenye umbo la herufi T unaouinua na kuushusha kwa mikono miwili, moja kwa moja. Fimbo ya ndani ni bomba la plastiki lililozibwa, lenye hewa ndani, kwa hiyo linaelea. Kuelea huko kunakusaidia kuinua. Na kwa kuwa fimbo ni nene, ukiishusha inachukua nafasi ya maji na kuyasukuma yatoke, hivyo unapata maji ukipandisha na ukishusha. Mwisho wake ni kina cha mita 15 hivi, lakini kwa mabonde ya Ruvuma na pwani hiyo inatosha mahali pengi. Na uzuri wake mkubwa: watu wachache wanaweza kuing'oa kwa mikono yao, bila winchi.

Ya pili ni Afridev. Ilianza Malawi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikakomazwa Kenya, hasa Kwale, pwani ileile yetu ya Waswahili. Hii ni ya kina kirefu zaidi, hadi mita 45, kwa hiyo ina wenzo. Lakini pistoni inatolewa kwa kupitia ndani ya bomba bila kung'oa bomba lenyewe, na kazi karibu yote inafanywa kwa spana moja. Kwale, shirika la KWAHO lilifanya kazi na vikundi vya wanawake, na wanawake wakafundishwa kufungua pampu na kubadilisha washa wenyewe. Lilikuwa jambo la busara. Pampu ikifa, anayeumia wa kwanza ni yule anayebeba ndoo, basi mpe yeye spana.

Milioni 6 kwa mwaka

Kama pampu hizi zilikuwa nzuri hivyo, kwa nini zinaharibika? Kwa sababu zinafanya kazi kuliko gari lako.

Kiwango cha Tanzania ni kituo kimoja cha maji kwa watu 250, na lita 25 kwa kila mtu kwa siku. Zidisha: lita 6,250 kwa siku. Pampu ikitoa lita 15 kwa dakika, inahitaji dakika 417, karibu saa 7 mfululizo kila siku. Tuseme mipigo 40 kwa dakika. Hiyo ni mipigo zaidi ya 16,000 kwa siku, na zaidi ya milioni 6 kwa mwaka. Kila mpigo, washa inasuguana na silinda, na maji ya visima vya mchanga yanakuja na chembe zinazokwaruza kama msasa. Washa kuchakaa siyo ajali wala uzembe wa mtu. Ni ratiba. Swali ni kama ratiba hiyo imewekewa fedha, spea na mtu.

Na hapo ndipo "maji bure" yalipotubana. Kijiji ambacho hakikuchangia hakikuwa na mfuko wa maji, na kijiji kilichoambiwa kwamba pampu ni ya serikali, au ya Wafini, hakikujiona mwenyewe wake. Mtu hatengenezi baiskeli ya jirani kwa hela yake. Sera ya Maji ya 1991 ilianza kuachana na wazo la maji ya bure, na ile ya 2002 ikasema wazi kwamba jamii zimiliki na ziendeshe miradi yao. Lakini ilikuwa baada ya miaka 20 ya kuambiwa kinyume chake, na kuambiwa "sasa ni yenu" hakuleti duka la spea.

Miaka ya 2011 hadi 2013 Wizara ya Maji ilikusanya taarifa za vituo vya maji vijijini nchi nzima. Sehemu ya takwimu hizo, vituo 59,400, iliwekwa wazi mtandaoni na wanafunzi wa sayansi ya takwimu duniani kote hujifunzia kutabiri pampu gani itakufa. Wengi wao pengine hawajui Newala iko wapi. Katika sampuli hiyo, vituo 32,259 vilikuwa vinafanya kazi, sawa na asilimia 54. Vilivyokufa ni 22,824, asilimia 38. Vilivyobaki vilifanya kazi lakini vilihitaji matengenezo. Nira na Tanira zimo 8,154, nyingi kuliko pampu nyingine yoyote ya mkono. Na mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa miongoni mwa iliyofanya vibaya zaidi.

Tusome namba hizo kwa uangalifu. Zinajumuisha pia miradi ya mabomba na mashine, siyo pampu za mkono peke yake. Hata hivyo zinauma: mikoa iliyokuwa na mhisani mmoja kwa muda mrefu, na mpango mkuu wenye ramani nzuri, haikusalimika. Utaalamu ulikuwepo. Kilichokosekana ni mnyororo wa kila siku baada ya wataalamu kuondoka.

Nani anashika spana leo?

Historia haiishii kwenye pampu zilizokufa. Kuna majibu angalau matatu, na kila moja linalijibu swali letu kivyake.

La kwanza liko juu ya uwanda wenyewe, na halina hata pampu. Kaya nyingi za Newala na Tandahimba huchimba kisima cha kuhifadhia mvua uani, wakakisakafia kwa saruji na kukiunganisha na bati la nyumba. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 linatoa karibu lita 1,000 kwa siku moja. Hela ya korosho inanunua bati na saruji, fundi mwashi yuko kijijini, na mwenye kisima ni mwenye nyumba. Kasoro zipo: kiangazi kirefu kinakimaliza, asiye na bati hana maji, na kisima kisichofunikwa vizuri kinafuga mbu na uchafu. Lakini kikipasuka, hakuna anayesubiri gari la wilaya.

La pili ni pampu ya kamba, iliyopata umaarufu Nicaragua miaka ya 1980 na 1990. Ni gurudumu, kamba, bomba la plastiki na vishikizo vidogo vya mpira vinavyopanda ndani ya bomba vikibeba maji. Ukiitazama unaielewa. Njombe, shirika la SHIPO limewafundisha mafundi binafsi kuitengeneza na kuiuza. Kamba yake inakatika mara nyingi kuliko fimbo ya Tanira inavyoharibika, hilo halifichiki. Ila kamba inapatikana gengeni.

La tatu linatoka Kenya, na linaanza na simu. Kyuso, huko Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga kifaa kidogo ndani ya mkono wa pampu. Kinahesabu mipigo na kutuma taarifa kwa mtandao wa simu. Mipigo ikikoma, fundi anajua bila kupigiwa. Muda wa kusubiri matengenezo ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi siku 2.6. Baadaye ikazaliwa huduma iitwayo FundiFix, Kitui na Kwale, ambako jamii inalipia ada na kuhakikishiwa matengenezo ya haraka. Angalia vizuri: pampu ilikuwa ileile ya Afridev ya zamani. Kilichobadilika ni nani anapata taarifa na nani anawajibika.

Kwa upande wetu, sheria ya 2019 iliunda RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kuzipa jumuiya za watumia maji nafasi ya kuendesha miradi. Ni hatua kubwa. Itapimwa kama wengine wote waliotangulia: siku ambayo washa imeisha.

Kwa hiyo ukikutana na uvumbuzi mpya wa bei nafuu, uwe jiko, taa ya jua au kichujio cha maji, na hasa kama wewe ndiye unayeubuni kwa ajili ya mradi wako wa chuo, usitosheke na lebo ya bei. Uliza sehemu gani itachakaa kwanza. Uliza inauzwa duka gani, na ni nauli kiasi gani kufika hapo kutoka Kitaya au Msimbati. Uliza ni zana ngapi zinahitajika kuifungua. Uliza fedha za kuinunua zitatoka mfuko gani, na nani amekabidhiwa ufunguo wa mfuko huo. Kisha mtafute yule atakayekitumia kila siku, mpe spana mkononi, na ukae pembeni umtazame akikifungua. Akishindwa, chora upya.